Mikorosho ya Rehani

Mtu hatoki Kisarawe mpaka Visiga na jogoo kwapani kwa ajili ya salamu tu. Ambokile alilijua hilo mara alipomwona Siwema akiinama kupita chini ya kamba ya nguo, jogoo mwekundu amefungwa miguu kwa kipande cha kanga, na uso wa mama yule umekunjuka kama wa mtu aliyeshinda kesi. Ilikuwa Jumapili. Laurensia, mke wa Ambokile, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kanisani, amekaa uani anapeta mchele. Laurensia alifurahi kupata mgeni. Ambokile hakufurahi.

"Hodi wenyewe! Mnyakyusa wangu, upo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Laurensia, mwanangu, hebu mpokee huyu jogoo kabla hajaninyea. Tangu Kiluvya ananitazama jicho baya, utadhani mimi ndiye niliyemwambia azaliwe kuku."

Laurensia akacheka, akapokea jogoo, akaleta kiti na maji ya kunywa. Siwema alikuwa mwanamke wa hamsini na ushei, mkavu, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Alikuwa mjane wa Abdala, yule mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akiviuza kwenye lango la kiwanda cha nondo, na ni pale langoni ndipo Abdala na Ambokile walipojuana. Abdala alipougua, Siwema aliiweka rehani mikorosho yake aliyorithi kwa baba yake. Ambokile akatoa laki nane, akawa anavuna.

Desturi ya kwao Siwema haina mzunguko. Mwenye fedha anavuna miti, mwenye miti anabaki na ardhi yake, anakaa hapo hapo, analima mihogo chini ya miti ile ile, ila hakati hata tawi. Siku akirudisha fedha, iwe mwakani au iwe wajukuu wameota mvi, miti inarudi kwake na aliyekuwa akivuna hana neno. Korosho alizokwisha kula ndiyo faida yake. Ambokile, mtu wa Tukuyu, alielezwa hayo mbele ya mashahidi, akaitikia, akanywa kahawa. Abdala alikufa hata hivyo.

Siwema alimaliza maji, akafungua pindo la kanga yake, akatoa fundo la noti.

"Nimekuja kukomboa," alisema.

Laurensia akaweka ungo chini.

"Yote, mama?"

"Yote. Cherehani ya marehemu nimeuza. Binti yangu Shamsia naye kauza kitanda alichoondoka nacho kwa mume wake. Si mnajua ameachwa? Amenirudia na wanawe watatu, tunalala kama dagaa kwenye kikapu. Sasa nataka nikate ile mikorosho miwili ya pembeni, iliyozeeka, nimsimamishie chumba. Hesabu, mwanangu, mwenzako anaonekana ana usingizi."

Laurensia alihesabu. Mikono yake ilikuwa na haraka ambayo yeye mwenyewe aliionea haya, maana mwenye nyumba alikuwa amekuja juzi kudai kodi, tena alidai kwa sauti ya kusikiwa na wapangaji wote. Fedha ilitimia. Ambokile alikuwa ameegemea ukuta, anaangalia kidole chake cha mguu.

"Mama," alianza, "kuna jambo…"

"Kama ni hizo korosho zilizodondoka wiki hii, kaokote, ni zako. Mimi si mtu wa kugombea vya chini."

"Siyo hizo."

"Basi kama ni mashahidi, njoo Jumamosi tuwaite, tunywe kahawa, watu wajue. Lakini mimi na wewe tumeshamalizana. Mkono umepokea."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Mdomo alikuwa nao, na mtu aliyekaa mbele yake hakuwa hakimu wala askari, alikuwa mjane anayempenda. Lakini aliona aibu, na aibu ya mwanamume mbele ya mkewe na mgeni wake ni kitu kizito kuliko akili. Akasema, "Jumamosi nitakuja, mama." Siwema akala wali, akaaga, akaondoka anaimbia puani.

Alipokwisha kukunja kona, Ambokile akamwambia mkewe asiiguse ile fedha.

"Kwa nini? Kodi je?"

"Miti siwezi kuirudisha."

"Huwezi vipi? Yake ile."

"Mwaka jana niliiandikisha kiwandani. Nilisaini."

Laurensia alisukuma zile noti kando. "Umeuza miti ya watu?"

"Sikuuza miti. Niliuza hewa."

"Ambokile, usinichezee. Hewa inauzwaje?"

*

Hewa inauzwa, na namna inavyouzwa ni hivi. Kiwanda kile kinayeyusha vyuma chakavu na kufyatua nondo, na tanuru lake la kupashia chuma linakula makaa ya mawe usiku na mchana. Kibali cha mazingira kilipokwisha muda, wakubwa waliokipitia upya waliweka sharti: makaa yaachwe, iletwe gesi. Kiwanda kikakubali, maana wanunuzi wa nje na benki nao walikuwa wanauliza habari za moshi. Ila bomba la gesi lilipofika karibu na barabara kuu likakwama. Watu waliokuwa kwenye mkuza, ule ukanda wa kupitishia bomba, walikwenda mahakamani kudai fidia, mahakama ikasema kazi isimame mpaka kesi iishe, na kesi haikuwa na dalili ya kuisha. Upande mmoja sheria ilisema leta gesi, upande mwingine sheria ilisema usiguse bomba. Kiwanda kikaomba huruma, kikapewa njia ya katikati: kitaendelea na makaa kwa muda, mradi kionyeshe miti, hekari kadhaa ndani ya mkoa, iliyolindwa kwa mkataba, ya kunyonya hewa chafu badala yake.

Miti itapatikana wapi kwa haraka? Bernard, msimamizi wa vibarua, ambaye siku hizo alikuwa amepewa na kazi ya mradi wa miti, aliwakusanya wafanyakazi getini asubuhi moja. "Mwenye shamba la miti Kibaha, Kisarawe, popote Pwani, aje ofisini," alisema. "Hatukati mti, hatuchukui shamba. Tunaandikisha hewa tu, na mwenye miti analipwa kidogo kila mwaka. Na watakaoleta tutawafikiria kwenye ajira ya kudumu."

Ambokile alikuwa kibarua wa tanuru miaka mingi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la moto kuanzia kiwiko mpaka kifundo, na siku alipoungua hakulipwa, kwa sababu kibarua akilala nyumbani ni hiari yake. Alisikia neno "kudumu" akanyoosha mkono ule ule wenye kovu. Pale mezani hawakumuuliza miti ya nani. Walimuuliza nani anavuna. Na kijijini kwa Siwema, mtendaji, ambaye naye alikuwa mgeni aliyehamishiwa huko kutoka bara, alitazama vitabu vya chama cha msingi cha wakulima akakuta kila msimu korosho za shamba lile zinaandikwa jina la Ambokile. Akagonga muhuri. Hakukuwa na sehemu ya kuandika rehani, na Ambokile hakuitafuta.

Wapimaji walipokwenda na mashine yao, Siwema aliwapokea vizuri akawachemshia mihogo. Aliuliza wanapima nini. Ambokile, aliyeongozana nao, akamwambia wanapima hewa ya mikorosho.

"Hewa?" Siwema alisema. "Wachukue. Mimi iliyobaki inanitosha."

Wote walicheka, na Ambokile alicheka nao. Alijiambia kwamba mama huyu hatapata laki nane hata siku moja, na kama atapata, litakalokuja litakuja. Mwezi uliofuata alipewa kitambulisho chenye picha, chenye neno "kudumu" kwa chini. Laurensia alikitia kwenye karatasi ya nailoni ili kisilowe jasho.

*

Jumatatu, kesho yake baada ya Siwema kuja, Ambokile aliomba ruhusa kwa Bernard ya kumwona mwanasheria wa kiwanda. Bernard alikuwa kijana wa kuvaa miwani ya jua hata ndani.

"Mwanasheria wa nini, mzee? Una kesi?"

"Ni habari ya ile miti."

"Ile miti imefanya nini?"

"Mwenyewe ameikomboa."

Bernard akavua miwani. "Mwenyewe nani? Mwenyewe si wewe?"

Alisubiri nje ya ofisi ya mwanasheria mpaka chakula cha mchana kikapita. Alipoitwa ndani, mwanasheria Fadhila, binti mpole mwenye sauti ya chini, alimwonyesha kiti, kisha akamwambia kwa adabu, "Samahani baba, subiri kidogo," akachukua gazeti, akalifungua, akalitandika juu ya kiti ili vumbi la tanuru lisichafue kitambaa. Ambokile alikaa juu ya gazeti. Alijibana mapaja ili lisichanike.

Alieleza yote. Fadhila alisikiliza bila kumkatisha, na hilo lilimpa moyo.

"Baba, nakuelewa," alisema alipomaliza. "Hata kwetu Tanga rehani ya miti ipo. Minazi. Bibi yangu aliweka."

"Basi unajua. Naomba jina langu litolewe, liingie la kwake. Au shamba lile litoke tu."

"Haliwezi kutoka."

"Kwa nini, mwanangu? Ni kipande kidogo tu."

"Ni kidogo, lakini kimeshahesabiwa. Hekari tulizopeleka ndizo zilizotupa kibali. Zikipungua, hata kidogo, kibali kimevunjwa na tanuru linazimwa. Tanuru likizimwa, wewe na wenzako wote mnakwenda nyumbani." Alifungua faili. "Na mkataba ni wa miaka thelathini. Umesaini."

"Niliambiwa hewa tu."

"Hewa inakaa kwenye mti, baba. Mti ukikatwa hewa imekwenda. Kwa hiyo mti haukatwi, na chini yake hapachomwi wala hapajengwi. Imo kwenye ukurasa wa nne."

Ambokile hakuwa amefika ukurasa wa nne. Alikuwa amesaini wa mwisho, pale alipoonyeshwa kwa kidole.

"Basi aingie yeye badala yangu. Alipwe yeye hiyo fedha ya kila mwaka."

"Nikimwingiza yeye, nakiri kwamba wewe ulitoa maelezo ya uongo. Hilo ni jinai, na mimi nikilijua nalazimika kuliripoti." Fadhila alifunga faili. Mikono yake ilitulia juu yake. "Kwa hiyo, baba, naomba tuseme hukuniambia. Ulikuja kuuliza habari za likizo."

Alisema hivyo kwa kumhurumia, na Ambokile aliona wazi kwamba anahurumiwa. Hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. Angetukanwa angepata la kujibu. Alisimama, gazeti likaganda kwenye suruali yake kwa jasho, na binti yule akageuka upande kumpa nafasi ya kulibandua.

Jioni alimweleza Laurensia. Laurensia alikuwa anamnyonyoa yule jogoo, maana alikuwa amemchinja alasiri ile kabla hajajua kama ilifaa kumrudisha.

"Mpigie simu umwambie asikate," Laurensia alisema.

"Nitamwambia Jumamosi, uso kwa uso."

"Jumamosi mbali."

"Jambo kama hili halisemwi kwenye simu, Laure."

"Haliwezi kusemwa kwenye simu, halikuweza kusemwa hapa uani. Litasemwa wapi? Kaburini?"

Hakumpigia. Kila siku alishika simu, kila siku akaiweka. Kupanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma, na yeye alikuwa bado juu anatafuta tawi la kukanyaga.

*

Jumamosi aliifunga fedha yote kwenye leso, akaitia mfuko wa ndani, akaelekea Kisarawe. Nia yake ilikuwa amrudishie Siwema fedha, ampigie magoti, amwombe asubiri mpaka gesi ifike, maana gesi ikifika kiwanda huenda kisihitaji miti tena. Hakuwa na hakika hata na hilo, lakini lilikuwa neno la kusema.

Alipofika shambani aliiona mikorosho miwili imelala. Ilikuwa imekatwa vizuri, kwa msumeno wa kuazima, matawi yamepangwa upande kwa ajili ya kuni, na mahali pale pamefagiliwa tayari. Kamba ya katani ilikuwa imevutwa kwenye vigingi kuonyesha ukubwa wa chumba. Kilikuwa chumba kidogo kweli, cha kutia huruma. Nyumbani hapakuwa na mtu mzima. Jirani alimwambia Siwema na Shamsia wamepelekwa ofisi ya kijiji, mlinzi wa mradi wa miti alipita na pikipiki asubuhi akaona.

Siwema alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, Shamsia pembeni yake na mtoto mgongoni. Pikapu ya kiwanda ilikuwa imeegeshwa kivulini. Bernard alikuwa amesimama na miwani yake. Ndani, Fabian, mtendaji yule yule aliyegonga muhuri, alikuwa ameshafungua daftari.

Siwema alipomwona Ambokile aliinuka kwa furaha.

"Huyo! Si niliwaambia anakuja? Mnyakyusa wangu, hebu waeleze hawa watu. Eti nimeiba miti. Waambie kwamba nimekomboa Jumapili, umepokea, mkeo kahesabu."

"Ingieni ndani," Fabian alisema. "Mlalamikaji amefika."

"Mlalamikaji nani?" Siwema akauliza.

Waliingia. Ndani mlikuwa na viti viwili. Fabian alikalia kimoja, Bernard akasogezewa kingine. Wengine walisimama.

"Mimi nataka tumalize hapa hapa," Fabian alisema. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayetaka Jumamosi yake. "Tusipomaliza, gari lipo, tunakwenda polisi Kisarawe na huko hamtanijua wala sitawajua. Bwana Ambokile, swali ni moja. Kwa mujibu wa mkataba huu, na kwa mujibu wa chama cha msingi, miti ni yako. Huyu mama amekata miwili. Ulimruhusu?"

Ambokile aliangalia karatasi, kisha sakafu.

"Miti ni yake," alisema.

Siwema akapiga makofi. "Mmesikia!"

"Mzee," Bernard alisema taratibu, "angalia unachosema. Kama ni yake, wewe ulitudanganya. Hapa hapa nakuondolea kitambulisho, na kesi ya kughushi inaanza leo. Fadhila ameshaniambia."

"Aliniambia tuseme sikumwambia."

"Na mimi nakwambia tuseme hujasema. Mtendaji anauliza tena."

Shamsia alimbembeleza mtoto. Hasira yote aliyokuwa nayo Ambokile haikuwa na mtu wa kumwendea. Bernard alikuwa ametumwa. Waliomtuma walikuwa wamebanwa na kibali, kibali kilibanwa na bomba, bomba lilibanwa na maskini wengine wanaodai fidia yao kama yeye mwenyewe angedai. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amesema uongo kwa hiari.

"Miti ni yake," alisema tena, kwa sauti ndogo. "Niandikeni mnavyotaka."

Siwema hakupiga makofi safari hii. Alikuwa ameanza kuelewa kwamba kuna shimo mahali fulani, ila hajaliona liko upande gani. Akamgeukia Bernard.

"Mwanangu, hebu nieleze kwa Kiswahili cha kwetu. Huyu akiandikwa hivyo, miti yangu mnanirudishia leo?"

"Hapana, mama."

"Kesho?"

"Mkataba umesajiliwa. Mpaka mahakama iuvunje, miti ni ya mradi. Na kesi yenyewe itaanza kwanza dhidi yake."

"Mahakama inachukua muda gani?"

Fabian akacheka bila kutaka. "Mama Shamsia, lile bomba la gesi kesi yake ilianza mwanangu hajaingia darasa la kwanza."

"Na ikiandikwa kwamba miti ni ya huyu?"

"Basi wewe umekata mali ya mtu. Unakiri, mnasuluhishana, unakwenda nyumbani. Ila pale hapajengwi. Visiki vinaachwa vichipue."

"Na yeye?"

"Anarudi kazini."

Siwema alimtazama Ambokile kuanzia viatu mpaka uso, jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe anayetaka kumnunua. Hakukuwa na upendo katika mtazamo ule, na Ambokile aliuhisi upendo ukitoka kama alivyohisi joto la tanuru mlango unapofungwa.

"Mkataba wao wa miaka mingapi?" alimuuliza.

"Thelathini, mama."

"Thelathini." Alivuta pumzi. "Haya. Andika nimekata miti ya mtu."

"Mama!" Shamsia alipiga ukelele.

"Wewe nyamaza. Huyu akifungwa utamdai nani? Utamdai Bernard? Rehani anadaiwa aliyepokea, naye lazima awe uraiani, mzima, anakula, anaonekana. Mimi sitakuwepo. Wewe utakwenda kumdai, na ukichoka watakwenda wanao. Andika, mtendaji. Nimekata miti ya huyu bwana."

Fabian aliandika. Ambokile alitoa leso mfukoni, akaifungua.

"Mama, basi chukua fedha yako. Nakuomba. Ukamjengee Shamsia mahali pengine."

"Ardhi nyingine ninayo wapi? Rudisha mfukoni."

"Ni yako, mama."

"Si yangu. Nikiipokea nimerudisha rehani. Nimekomboa Jumapili, umepokea, basi. Fedha ni yako na miti ni yangu, hata kama hapa ndani wanaandika kinyume. Usinitie mtegoni mara ya pili."

Noti zilibaki kwenye kiganja chake. Bernard alitazama dirishani. Kulikuwa na haya hata kwa Bernard.

"Kuna fidia," Fabian alisema, akifunua ukurasa. "Miti miwili yenye kuzaa. Inalipwa kwa mwenye mali. Mama, utalipa au…"

"Nimesamehe," Ambokile alisema haraka. "Sitaki fidia."

"Vizuri. Basi utaandika kwamba wewe, mwenye miti, umesamehe. Saini hapa, kwenye mlalamikaji. Hapa tena, kwenye mwenye mali. Na hapa, kwamba hutamruhusu akate tena."

Kwa hiyo ili amsamehe ilibidi kwanza awe mwenye miti. Aliliona hilo kalamu ikiwa mkononi, akasita, na Fabian akafikiri haoni mstari, akamwonyesha kwa kidole. Ambokile alisaini mara tatu. Siwema alibonyeza dole gumba kwenye wino, akaliweka alipoambiwa, chini ya neno "mkosaji". Kisha akajipangusa kwenye kanga, na doa likabaki.

"Mmesuluhishana," Fabian alisema. "Shikaneni mikono."

Walishikana mikono.

Nje jua lilikuwa kali. Pikapu iliondoka, vumbi likawafunika wote. Shamsia alikuwa ameshatangulia nyumbani, anatembea kwa kasi na kilio chake, mtoto anarukaruka mgongoni. Njia ya kurudi shambani ilikuwa nyembamba, majani ya pande zote mbili yanagusa miguu. Ambokile alitaka kwenda na Siwema, angalau ang'oe vile vigingi ili asiving'oe yeye, angalau aombe radhi mbele ya wale wajukuu. Alimwachia Siwema nafasi apite mbele, kama inavyompasa kijana kwa mkubwa wake, naye akajipanga nyuma.

Siwema hakusogea.

"Mama, twende."

"Tangulia."

"Hapana, mama, pita wewe."

"Nimesema tangulia," Siwema alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Nani aliona mwenye mali akitembea nyuma ya mwizi?"

Ambokile alisimama pale, hajui aweke wapi mikono. Mama yule alikuwa amekwisha kujisogeza pembeni, amekusanya kanga yake, ameinamisha kichwa kidogo, na hangesogea mpaka apite. Ambokile akatangulia.